"Faili Halifunguki": Kauli za Kitenzi na Suala la Matoleo ya Programu katika Ofisi Ndogo za Butimba, Mwanza

IKISIRI

Makala haya yanachunguza semi zinazotumika katika ofisi ndogo za uchapaji pale faili lililoandikwa kwa toleo moja la programu ya kompyuta linaposhindwa kusomwa na toleo jingine, na pale ofisi inapolazimika kuingia katika toleo jipya bila ya kupenda. Hoja yetu kuu ni kwamba uteuzi wa kauli ya kitenzi (kutendeka, kutendana, kutendesha au kutendwa) una uzito unaopita sarufi: ndio unaoamua nani aonekane mwenye kosa, na kwa hiyo nani alipe gharama. Tunaonyesha kwamba semi zilizozoeleka humficha mtenda, na kwamba istilahi zilizosanifiwa nazo zimefanya hivyo kwa kiasi kikubwa. Mwisho tunapendekeza istilahi chache zinazoweza kuondoa utata huo.

1.0 Utangulizi

Butimba ni kata mojawapo ya Wilaya ya Nyamagana, Jijini Mwanza, kusini mwa katikati ya jiji, baina ya Mkuyuni na Nyegezi, kando ya Ziwa Viktoria. Kuna Chuo cha Ualimu na kuna Gereza. Na jirani, upande wa Nyegezi na Malimbe, kipo Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Mahali penye walimu, wanachuo na watumishi wa umma hapakosi maandishi, na penye maandishi hapakosi steshenari. Steshenari, kwa maana tunayoikusudia hapa, ni chumba chenye kompyuta moja au mbili, mashine ya kutoa kopi, rimu za karatasi na mchapaji mmoja ambaye aghalabu ni msichana aliyeajiriwa. Hapo huletwa maazimio ya kazi na maandalio ya masomo, mitihani ya shule, ripoti za mazoezi ya kufundisha, mikataba ya kupanga nyumba, katiba za vikundi vya kuweka na kukopa, barua za kuomba kazi na tasnifu za wanachuo.

Katika vyumba hivyo hutokea kila mara jambo ambalo mtu yeyote aliyewahi kupeleka kazi steshenari amelishuhudia. Tulichukulie kwa mfano ufuatao:

(1) Mwalimu: Dada, mbona faili langu halifunguki?
    Mchapaji: Limegoma, mwalimu. Labda flashi yako ina virusi.
    Mwalimu: Jana nimelifungua nyumbani, halikuwa na tatizo. Mashine yako ndiyo mbovu.

Mazungumzo haya ni mafupi, lakini yana mashtaka matatu: faili limeshtakiwa kwa kugoma, flashi kwa kubeba virusi, na mashine kwa ubovu. Nyuma ya mashine yuko mchapaji, ambaye ndiye atakayelaumiwa na tajiri wake iwapo mteja ataondoka na karatasi zikaharibika. Hata hivyo, katika hali tunayoieleza hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyekosa. Faili ni zima, flashi ni safi na mashine inafanya kazi kama siku iliyonunuliwa. Kilichotokea ni kwamba programu ya nyumbani kwa mwalimu ni ya toleo la baadaye kuliko ile ya steshenari. Swali linaloongoza makala haya ni hili: kwa nini lugha iliyotumika katika (1) haikuweza kulitaja jambo lililotokea?

Yafaa kueleza mapema kwamba mifano yetu ni ya usemi wa kawaida unaofahamika na watumiaji wengi wa Kiswahili nchini Tanzania. Makala haya hayadai kutoa takwimu. Yanachambua maumbo na maana zake.

2.0 Kiini cha Tatizo: Toleo na Muundo wa Faili

Kabla ya kuingia katika sarufi ni lazima tuyaeleze mambo yenyewe, kwani mchambuzi asiyejua kilichotokea hawezi kupima kama lugha imekieleza sawasawa.

Programu ya kuandikia huhifadhi maandishi kwa utaratibu maalumu unaoitwa muundo wa faili. Muundo huo ukibadilika, programu isiyoujua haiwezi kuyasoma maandishi, hata kama mwandishi ameandika sentensi moja tu. Katika programu ya Word ya kampuni ya Microsoft mabadiliko makubwa yametokea mara mbili tangu kompyuta zianze kuenea katika ofisi zetu. La kwanza lilikuja na Word 97, ambayo muundo wake haukuweza kusomwa na Word 95 bila ya kifaa cha nyongeza. La pili lilikuja na Office 2007, iliyoanzisha muundo wa .docx badala ya .doc. Faili la .docx kwa hakika ni furushi la mafaili madogo yaliyobanwa pamoja. Ndiyo maana mtu akilifungua kwa nguvu katika programu ya zamani huona herufi PK mwanzoni na baada ya hapo alama zisizo na maana. Herufi hizo ni alama ya namna hiyo ya ubanaji.

Mabadiliko haya hayakukosa sababu. Muundo mpya ulichukua nafasi ndogo zaidi, na maelezo yake yaliwekwa wazi na kukubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 2008. Vilevile Microsoft ilitoa bure kifaa cha nyongeza kilichoyawezesha matoleo ya 2000, 2002 na 2003 kuusoma muundo huo. Lakini kifaa hicho kilipaswa kupakuliwa kwenye intaneti, na katika miaka hiyo steshenari nyingi hazikuwa na intaneti, wala mchapaji hakuwa na habari kwamba kifaa kipo. Mwaka 2018 kiliondolewa.

Aina ya pili ya tatizo ni mfumo-endeshi kuachwa na mtengenezaji wake. Msaada kwa Windows XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014. Kwa Windows 7, tarehe 14 Januari 2020. Na kwa Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa kwa hii ya mwisho uliwekwa utaratibu wa nyongeza ya muda. Kompyuta haizimiki siku hiyo. Inaendelea kufanya kazi, ila mapengo ya usalama yanayogunduliwa hayazibwi tena, na programu nyingine huanza kuikimbia. Kivinjari cha Chrome, kwa mfano, kiliacha kutoa matoleo mapya kwa Windows 7 mwaka 2023. Kwa steshenari jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana, kwa kuwa sehemu kubwa ya kazi zake siku hizi ni kuwajazia watu fomu za mtandaoni: maombi ya ajira, ya mikopo ya wanafunzi, ya usajili wa biashara. Tovuti isipofunguka, mteja huvuka barabara kwenda kwa jirani.

Windows 11, iliyotolewa Oktoba 2021, iliongeza sharti la maunzi: kompyuta iwe na kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kichakato kilicho katika orodha ya mtengenezaji, ambayo kwa jumla huviacha nje vichakato vya kabla ya miaka ya 2017 na 2018. Kompyuta nyingi za ofisi ndogo ni za mtumba. Kwa hiyo kuingia toleo jipya, ambako zamani kulikuwa ni kununua au kunakili diski, sasa kumekuwa ni kununua kompyuta nyingine.

3.0 Kauli Nne na Mgawanyo wa Lawama

3.1 Kutendeka: "halifunguki"

Kitenzi fungua kikinyambuliwa kwa kiambishi -k- hutoa funguka. Wanasarufi wa Kiswahili wanakubaliana kwamba kiambishi hiki kina maana mbili zinazokaribiana: hali na uwezekano. Linganisha:

(2) a. Mlango umefunguka. (hali)
    b. Mlango huu haufunguki. (uwezekano)
    c. Mlango umefunguliwa na Juma.
    d. *Mlango umefunguka na Juma.

Sentensi (2d) haikubaliki kwa sababu kauli ya kutendeka haimruhusu mtenda kutajwa. Msemaji anayesema "faili halifunguki" anaeleza sifa ya faili, kama vile mtu anavyosema kikombe hiki hakivunjiki. Tatizo linakuwa la faili lenyewe. Hapo ndipo mwalimu wetu wa mfano (1) anapopotezwa na lugha yake: faili lake linafunguka vizuri, ila halifunguki hapo. Kipashio kinachokosekana katika usemi wake ni kielezi cha mahali au, kwa usahihi zaidi, kirai kinachotaja toleo.

Kitenzi goma kinasogea hatua moja mbele, kwa kulipa faili utashi. Anayegoma ni mfanyakazi mwenye dai. Hali kadhalika ganda, zingua na kataa, ambavyo husikika sana katika ofisi hizi:

(3) a. Kompyuta imeganda.
    b. Hii programu inazingua.
    c. Printa imekataa.

Sitiari hizi ni hai na zinastahili kuheshimiwa. Ndizo zilizomwezesha mchapaji asiye na mafunzo kuzungumzia mashine kwa lugha yake mwenyewe. Lakini zote zinamfanya mtenda awe ni kitu kilichomo chumbani. Hakuna hata moja inayotazama nje ya chumba, kule ambako uamuzi wa kubadili muundo ulifanyika.

3.2 Kutendana: "haziendani", "hazielewani"

Fundi wa kompyuta anapoitwa, aghalabu huleta maelezo bora kidogo:

(4) a. Hizi programu hazielewani.
    b. Matoleo haya hayaendani.

Istilahi zilizotumika kuipa dhana hii jina la kitaalamu, kama vile utangamano na upatanifu, nazo zimejengwa juu ya vitenzi vyenye kiambishi -an-. Kauli ya kutendana humaanisha kwamba pande mbili zinatendeana jambo lile lile. Juma na Asha wakiwa hawaelewani, Juma hamwelewi Asha na Asha hamwelewi Juma. Msuluhishi huwaita wote wawili na kumtaka kila mmoja arudi nyuma hatua moja.

Hali halisi ya matoleo haiko hivyo. Word 2007 inalisoma faili la Word 97. Word 97 hailisomi faili la Word 2007. Uhusiano ni wa upande mmoja, nao una mwelekeo wa wakati: mpya huisoma ya zamani, ya zamani haiisomi mpya. Kwa hiyo kiambishi -an- kinatoa picha ya ugomvi wa watu wawili wenye haki sawa mahali ambapo mmoja amebadili kauli na mwingine amebaki alipokuwa.

Msomaji anaweza kupinga kwamba -an- haina lazima ya kuwa na usawa, kwani tunasema pia vitu vinafanana au vinatofautiana bila ya kudai kwamba kuna kutendeana. Pingamizi hili lina uzito, na kwa lugha ya jumla tunalikubali. Lakini istilahi hutungwa ili ibainishe. Neno linalotumika kwa hali mbili zilizo kinyume, yaani mpya kuisoma ya zamani na ya zamani kutoisoma mpya, halijabainisha chochote ambacho mchapaji anahitaji kukijua.

Aidha, mwelekeo huu wa wakati nao una mipaka. Kifurushi cha tatu cha marekebisho ya Office 2003, kilichotolewa mwaka 2007, kilizuia kufunguliwa kwa baadhi ya miundo mikongwe kwa hoja ya usalama. Hivyo hata ile haki ya mpya kuisoma ya zamani si ya kudumu. Inatolewa na mtengenezaji na inaweza kuondolewa naye.

3.3 Kutendesha: "boresha" na "sasisha"

Kwa kitendo cha kuingia toleo jipya Kiswahili kimetumia zaidi vitenzi vya kutendesha: boresha kutoka bora, sasisha kutoka sasa, na huisha, chenye maana ya kutia uhai. Kwa upande wa uundaji, maneno haya ni mazuri. Sasisha hasa ni kielelezo cha namna lugha inavyoweza kuunda kitenzi kutokana na kielezi bila ya kukopa, na limekubalika haraka kwa sababu umbo lake linajieleza.

Hata hivyo, kimaana yana mambo mawili ya kuangaliwa. La kwanza, boresha lina hukumu ndani yake: kilichoboreshwa kimekuwa bora. Steshenari ambayo printa yake ya zamani haikupata kiendeshi katika mfumo-endeshi mpya imesasishwa, lakini haikuboreshwa. La pili ni la kisintaksia. Kitenzi cha kutendesha kinadai msababishaji, na maelekezo ya kompyuta kwa kawaida huja katika hali ya kuamuru:

(5) Sasisha sasa.

Mtenda wa (5) ni wewe unayesoma. Kampuni iliyoweka tarehe ya mwisho haimo katika sentensi. Mtumiaji ndiye anayesasisha, na mambo yakiharibika ni yeye aliyebonyeza kitufe. Hapa lugha ya mchapaji, tuliyoisema kuwa haitazami nje ya chumba, inaipita ile ya kitaalamu kwa usahihi:

(6) Kompyuta inadai apdeti.

Dai ni kitenzi cha deni. Mwenye kudai ana haki yake au anajifanya kuwa nayo, na mdaiwa ana hiari ndogo. Ingawa mtenda wa (6) bado ni kompyuta, uhusiano wenyewe umetajwa kwa jina lake: kuna shinikizo, na kuna anayelipa. Ofisi inayotumia programu iliyochakachuliwa ina hali mbaya zaidi, kwa kuwa inadaiwa lakini haina mlango wa kupelekea malalamiko.

3.4 Kutendwa: kauli inayokosekana

Kauli ambayo haisikiki katika mazungumzo haya ni ile ya kutendwa. Hatusikii "faili limefungiwa", "toleo limeachwa", wala "tumehamishwa". Sababu mojawapo ni kwamba kutendwa huamsha swali: na nani? Mchapaji hana jibu la swali hilo, na fundi hana muda nalo.

Lakini kauli hii ndiyo yenye manufaa zaidi kwa mjadala. Kila mtumishi wa umma nchini anajua tofauti kati ya kuhama na kuhamishwa. Mwalimu aliyeomba mwenyewe kuhama kutoka Sengerema kuja Butimba hujigharimia safari. Mwalimu aliyehamishwa na mwajiri ana haki ya kudai posho ya uhamisho. Umbo la kitenzi linaamua mfuko wa nani utafunguliwa. Kwa kipimo hicho, ofisi iliyoacha Windows 7 kwa sababu ilitaka sura mpya imehama. Ofisi iliyoiacha kwa sababu kivinjari hakipati tena matoleo mapya na tovuti za taasisi hazifunguki imehamishwa. Hali hizi mbili zinaitwa leo kwa neno moja, kusasisha, na gharama zote mbili hubebwa na mwenye steshenari.

4.0 Istilahi Zilizofungwa Ndani ya Toleo

Kuna upande mwingine wa suala hili unaowahusu moja kwa moja wanaisimu. Mwaka 2004 ulikuwa mwaka wa matumaini makubwa kwa Kiswahili katika kompyuta. Katika mradi wa Kilinux, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi yenye menyu za Kiswahili. Mwaka huo huo Microsoft ilitangaza mpango wa kuzitafsiri Windows na Office, na baadaye vikatolewa vifurushi vya lugha kwa Windows XP na Office 2003. Istilahi zilichambuliwa, zikajadiliwa na kupatanishwa baina ya wataalamu wa nchi zetu.

Vifurushi hivyo, hata hivyo, vilifungamanishwa na matoleo. Kifurushi cha Office 2003 hakikuweza kuwekwa katika Office 2007; kilihitajika kingine. Ofisi iliyohamishwa toleo ilihamishwa pia lugha, na kwa kuwa kifurushi kipya kilipaswa kutafutwa na kupakuliwa, kompyuta ilirudi katika Kiingereza kwa ukimya. Hivyo mchapaji aliyeanza kuzoea hifadhi na hariri alikuta maneno hayo yametoweka siku fundi alipopiga windo upya, na hakuna aliyemwambia kwamba yanaweza kurejeshwa.

Linganisha na kupiga windo lenyewe. Usemi huu, wenye maana ya kuweka upya mfumo-endeshi, haukutungwa na kamati. Umechukua jina la bidhaa, ukalipa irabu ya mwisho na kuliambatisha na kitenzi piga, ambacho katika Kiswahili hubeba kila kazi ya mashine: piga simu, piga picha, piga pasi, piga chapa. Umedumu tangu enzi za XP hadi leo, kwa sababu hauishi ndani ya toleo lolote; unaishi vinywani. Funzo kwa mpangaji wa lugha ni kwamba istilahi inayopatikana kwenye skrini pekee hufa na skrini yake.

Leseni nayo ina nafasi yake. Jambo OpenOffice haikuendelezwa kwa jina hilo, lakini kwa kuwa OpenOffice ilikuwa programu huria, kazi iliyofanywa kwa ajili yake iliruhusiwa kuchukuliwa na wengine. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili iliyotungwa kwa ajili yake ilihamia LibreOffice, iliyochipuka kutoka OpenOffice mwaka 2010. Hapa kitenzi hamia kinastahili: maneno yalihama bila ya kuhitaji idhini ya mwenye toleo.

5.0 Ushahidi kutoka Nyumbani: Fonti za Kifonetiki

Asije msomaji akadhani kwamba haya ni matatizo ya steshenari pekee. Katika miaka ya 1990 wanaisimu wengi wa lugha za Kibantu waliandika data zao kwa fonti maalumu za alama za kifonetiki, ambamo alama iliwekwa mahali pa herufi nyingine ya kawaida. Machoni ilionekana alama sahihi; ndani ya faili ilihifadhiwa herufi tofauti kabisa. Baadaye mfumo wa Unicode, uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1991, ulienea na kuipa kila alama namba yake ya kudumu.

Madhara yanaonekana wazi tukichukua Kisukuma, lugha ya wengi kusini mwa Ziwa. Kisukuma kina irabu saba na ni lugha yenye toni; irabu mbili kati ya hizo haziwezi kubainishwa kwa herufi tano za irabu za Kiswahili. Tasnifu ya Kisukuma iliyochapwa kwa fonti za aina hiyo, ikifunguliwa leo katika kompyuta isiyo na fonti hiyo, hufunguka bila ya onyo lolote, ila data imekuwa nyingine. Hili ni baya kuliko faili lisilofunguka, kwa maana lisilofunguka angalau limekiri. Mtafiti asiyekuwa mwangalifu anaweza kuchambua mfumo wa irabu ambao hakuna Msukuma anayeutamka.

Huzungumzwa kwamba "herufi zimegeuka". Kwa mara nyingine kauli ya kutendeka imemficha mtenda. Herufi hazikugeuka, zimesomwa kwa ufunguo tofauti na ule zilizoandikiwa.

Inafaa kukumbuka hapa kwamba Utenzi wa Tambuka, ambao nakala yake imehifadhiwa Hamburg, una tarehe ya 1728, nao ungali unasomwa na yeyote anayezijua hati za Kiarabu na Kiswahili cha kale. Hati ile ilibadilishiwa nchi na watunzaji, lakini ufunguo wa kuisomea ulibaki ni elimu ya wazi. Faili la tasnifu la 1994 halina umri hata wa nusu karne, na tayari linahitaji fundi.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu tunapendekeza istilahi zifuatazo, si kwa ajili ya menyu za programu tu bali kwa matumizi ya mazungumzo, mafunzo ya vyuoni na miongozo ya ofisi:

(7) a. Soma / tosoma, badala ya elewana na endana: "Word 2003 haisomi .docx." Kitenzi hiki kina mtenda na mtendwa, na hivyo mwelekeo unaonekana.
    b. Kusoma nyuma, kwa uwezo wa toleo jipya kusoma muundo wa zamani; na kusoma mbele, kwa uwezo wa toleo la zamani kusoma muundo mpya.
    c. Toleo lililoachwa, kwa toleo ambalo mtengenezaji amekoma kulihudumia. Kitenzi acha katika kauli ya kutendwa kinaruhusu kumtaja aliyeacha na tarehe.
    d. Kuhama toleo na kuhamishwa toleo, ili kutenganisha hiari na lazima. Sasisha libaki kwa marekebisho madogo yasiyobadili toleo.

Mchapaji wa mfano (1) akiwa na istilahi hizi angeweza kujibu: "Mwalimu, faili lako ni zima. Limeandikwa kwa toleo la mbele, na programu yetu haisomi mbele. Ukalihifadhi upya kwa muundo wa 97 hadi 2003, au ukaniletea pamoja na nakala ya PDF, nitalichapa." Jibu hili halina lawama kwa yeyote aliyemo chumbani, na lina njia ya kutokea.

Kwa upande wa utendaji, tuna mambo matatu tu ya kuongeza. Kazi isiyohitaji kuhaririwa iletwe kwa PDF, ambayo imekuwa kiwango cha kimataifa tangu 2008, tena fonti zikiwa zimepachikwa ndani yake. Mtihani wa kurasa nne hautageuka kurasa tano kwa sababu tu steshenari haina Calibri. Kazi ya kuhifadhiwa kwa miaka mingi iwekwe katika muundo ulio wazi. Na idara za lugha zizikague data zao zilizoandikwa kwa fonti za zamani na kuzihamishia katika Unicode wakati waandishi wake wangali hai kueleza walichokusudia.

Yapo mambo ambayo istilahi haiwezi kuyatibu. Mapengo ya usalama ni ya kweli. Shambulio la WannaCry la Mei 2017 liliziathiri kompyuta zisizokuwa na marekebisho katika nchi nyingi. Hakuna mtengenezaji anayeweza kuhudumia kila toleo milele, na hatusemi kwamba kila uhamisho ni dhuluma. Tunachosema ni kwamba uhamisho uitwe uhamisho, ili anayehamishwa ajue, auulize muda, na apange fedha.

7.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba lugha inayotumika kuzungumzia matoleo ya programu katika ofisi ndogo imeegemea kauli zinazomfuta mtenda au kuzisawazisha pande zisizo sawa. Matokeo yake ni kwamba lawama hukaa pale inapoonekana, yaani kwa mashine, kwa flashi na hatimaye kwa mchapaji. Tumeonyesha pia kwamba istilahi zetu za kompyuta, licha ya ubora wa uundaji wake, zilifungamanishwa na matoleo na hivyo zikapotea pamoja nayo katika kompyuta nyingi.

Linalobaki kwa watafiti wengine ni kukusanya kwa utaratibu semi za wachapaji na mafundi katika miji mbalimbali, na kuzilinganisha na orodha za istilahi zilizosanifiwa. Yamkini itaonekana kwamba yule dada wa steshenari ya Butimba anayesema kompyuta "inadai" ameshafika mahali ambapo baadhi ya kamusi zetu hazijafika. Kazi ya taaluma ni kumpa neno la pili, litakalomwezesha kusema anayedai ni nani.